Neno Moja Ndani ya Boksi la Viatu

Benchi letu lina miguu mitatu na matofali mawili, nalo limekaa kati ya kibanda cha Fundi Soli na saluni yangu ya kunyoa. Ukikaa upande wa matofali ukae kwa adabu, maana ukicheka sana unaanguka, na ndiyo sababu upande huo tumemwachia Mzee Karani, ambaye hajacheka tangu astaafu. Spana, fundi wa simu na redio, hukaa katikati. Mimi wananiita Wembe, nakaa mwisho ili mteja akitokea nimwone. Saa kumi jioni Dada Birika, muuza kahawa, anakuja na jiko lake la mkaa na vikombe tisa, kimoja hakina mkono, na hicho ni changu. Fundi Soli hakai benchini. Yeye anakaa kwenye kigoda mlangoni pa kibanda, kiatu cha mtu magotini, anaongea nasi huku anashona. Pembeni yake, kwenye kreti la soda lililogeuzwa, hukaa binti yake wa miaka tisa. Sisi tulimbandika jina la Kimya tangu akiwa mdogo, kwa sababu hajawahi kusema hata neno moja. Hamtazami mtu usoni, anatazama viatu. Mimi ananijua kwa makubazi yangu ya kahawia. Ijumaa ninayoieleza alikuwa pale pale, anapanga kamba za viatu kwa rangi, nyeusi huku, nyeupe kule, na sisi watu wazima tulikuwa tumekodolea macho boksi la viatu lililofungwa kamba na kukandamizwa kwa chuma cha kugongea soli. Tulikuwa tunaliogopa. Siwezi kusema vingine.

Spana: Kimezimwa lakini?

Fundi Soli: Sijui kinavyozimwa.

Spana: Sasa kamba ya nini? Kitakimbia?

Fundi Soli: Kilianza tena njiani, bwana. Tumetoka tu getini pa shule, kikasema. Watu wakageuka. Mama mmoja akaniangalia mimi, akamwangalia mtoto, akaniangalia mimi tena. Nikamnyang'anya nikakitia kwapani.

Dada Birika: Kilisema nini?

Fundi Soli alipunguza sauti, kana kwamba boksi lina masikio.

Fundi Soli: Lile lile. "Naogopa."

Mzee Karani alishusha kikombe.

Hapo inabidi nirudi nyuma kidogo. Chombo chenyewe ni cha shule. Sisi tunakiita kibao, Mzee Karani anatukosoa kila mara kwamba kinaitwa kishikwambi. Kioo chake kimejaa picha ndogo ndogo, na mtoto akigusa picha, sauti ya mwanamke inatoka na kulitamka neno. Muhula huu kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu kilipata vibao sita, kimoja akapewa Kimya, cha kutumia darasani na kwenda nacho nyumbani siku za Ijumaa. Mwalimu akawapa wazazi karatasi: andikeni maneno kumi ambayo mtoto anayahitaji nyumbani. Fundi akaileta kijiweni, maana mambo ya kalamu ni ya Mzee Karani. Tulijaza kwa nusu saa, kwa mwandiko wa kupendeza. Shikamoo. Asante. Samahani. Ndiyo baba. Nimeshiba. Nimekosa. Karibuni wageni. Sijambo. Naenda kulala. Kwaheri. Tulijipongeza kweli kweli. Mwalimu akayatia yote, kisha akaongeza ya kwake bila kutuuliza: mimi, nyumbani, mbali, sitaki, inauma, najua, naogopa.

Wiki za kwanza ilikuwa raha tupu. Kibao kilipomwambia Mzee Karani "Shikamoo", mzee aliitikia marahaba huku anatazama angani, hajui sauti imetoka wapi. Halafu ghafla, wiki mbili zilizopita, Kimya akaacha kusalimia. Akabaki na picha moja tu. Na Ijumaa hii kulikuja barua.

Spana: Mzee Karani, hebu isome tena. Polepole.

Mzee Karani alivaa miwani.

Mzee Karani: "Mzazi. Kwa siku kumi za masomo mwanao anagusa picha moja tu. Leo ameigusa mara sitini na mbili. Tumemkagua, hana jeraha. Tafadhali fika Jumatatu saa mbili asubuhi utueleze ni nini kimebadilika nyumbani. Ofisa wa ustawi wa watoto atakuwepo."

Fundi Soli: Huyo wa mwisho. Huyo ndiye anayeninyima usingizi.

Mzee Karani: Ofisa haji kunywa chai, kweli.

Fundi Soli: Watasema nampiga.

Mzee Karani: Unampiga?

Fundi Soli: Mzee wangu. Umekaa hapo miaka sita. Ulishawahi kuniona nikimwinulia hata kamba ya kiatu?

Mzee Karani: Sijawahi. Nimeuliza tu kwa sababu wao watauliza.

Fundi Soli: Basi naingia Jumatatu nimemshika mkono, natoka mkono mtupu. Mama yake hayupo, mtoto naye achukuliwe. Nitabaki na viatu vya watu.

Msharasi wake, ile sindano nene ya kutobolea ngozi, ulimteleza ukamchoma kidole. Akakinyonya. Kimya aliinua macho mpaka kwenye kile kidole, akayashusha tena kwenye kamba zake.

Mimi: Tusikilizane. Barua inauliza nini kimebadilika nyumbani. Tujibu swali, basi. Kimebadilika nini?

Fundi Soli: Hakuna.

Mimi: Nyumba?

Fundi Soli: Ile ile.

Mimi: Chakula?

Fundi Soli: Kile kile, na anakula kuliko mimi.

Dada Birika: Shangazi yake je?

Fundi Soli: Bado yupo. Anahamia kwa mumewe mwisho wa muhula, ndo maana tukapanga ile habari ya kituo. Lakini kituo bado, na mtoto hajaambiwa chochote. Hata mwalimu sijamwambia.

Mimi: Hajaambiwa, basi hiyo tuitoe.

Tukaitoa. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema tuitoe, na mimi ndiye niliyeileta. Mteja mmoja niliyekuwa namnyoa ndevu alinieleza habari za hicho kituo cha kulea watoto, safari ya siku mbili, vitanda safi, wazazi wanaruhusiwa kutembelea mara mbili kwa mwaka. Fundi anafungua kibanda alfajiri, anafunga giza likiingia. Bila shangazi mtu, nani atamwogesha mtoto, nani atamvusha barabara? Tulilijadili jambo lile Jumamosi moja hapa hapa benchini, vikombe vitatu kila mtu, tukakubaliana. Siyo kwa ubaya. Fundi alilia, nakumbuka, akasingizia moshi wa jiko.

Spana: Mimi nawaambia ni kioo. Kioo kimekwama. Nimeona simu ngapi, unagusa hapa inaitikia kule. Mtoto anagusa "asante", chenyewe kinasema kingine.

Fundi Soli: Kumbe?

Spana: Hebu lete hilo boksi. Mimi siogopi vioo.

Alisema haogopi, lakini alifungua kamba kwa ncha za vidole. Akakitoa kibao, akakifuta kwa shati, akagusa.

"Asante," sauti ikasema.

Akagusa pengine.

"Shikamoo."

Akagusa "nimeshiba", kikasema nimeshiba. Akagusa "kwaheri", kikasema kwaheri. Sote tulikuwa tumeinama juu yake. Spana akakipeleka kidole kwenye picha ya uso wenye macho makubwa.

"Naogopa."

Ilikuwa sauti laini tu, ya mwanamke asiye na haraka. Mikono ya Kimya ilisimama juu ya kamba.

Mimi: Kwa hiyo kioo ni kizima.

Spana: Kizima kabisa. Na hilo ndilo linaloniogopesha.

Akakirudisha boksini, akafunga kamba mafundo mawili, akafikiri, akaongeza la tatu. Chuma kikarudi juu.

Mzee Karani: Sasa mniache mimi niwaeleze, maana nimefanya kazi ofisini miaka thelathini na nne. Kosa liko kwenye orodha. Sisi tuliandika maneno kumi, naogopa halimo. Nani kaliweka?

Fundi Soli: Mwalimu.

Mzee Karani: Umeona. Ofisini kwetu kulikuwa na kisanduku cha malalamiko. Kila siku kinajaa. Bosi mpya akaja, akakiondoa. Malalamiko yakaisha siku hiyo hiyo. Ukimpa mtu pa kulalamikia, atalalamika. Ukimpa mtoto picha ya kuogopa, ataogopa. Wangemwekea picha ya jino bovu, angeumwa jino.

Dada Birika: Mzee, malalamiko yaliisha au kisanduku ndo kiliisha?

Mzee Karani: Wewe mimina kahawa.

Fundi Soli: Lakini Mzee, hiyo picha ilikuwepo tangu mwanzo. Mbona kaanza juzi juzi?

Mzee Karani alitazama kikombe chake. Hilo hakuwa nalo kwenye faili.

Ndipo alipokuja yule mpiga rangi. Hatukuwa tunamjua, alikuwa na kibarua kwenye jengo la kona, suruali yake imejaa madoa meupe, na mkononi ameshika kandambili ya ngozi iliyokatika ukanda. Akasalimu, Fundi akaipokea, akamwambia asubiri dakika chache. Akasimama pale ukutani na mguu mmoja mtupu, anauinua na kuushusha.

Mpiga rangi: Ardhi ya hapa inaunguza, aisee.

Alijisemea tu, kwa sauti ya chini, na sisi hatukumjali. Tulikuwa na Jumatatu ya kuishughulikia.

Spana: Mimi nimepata. Vibao viko sita, si ndiyo? Darasa moja. Hivi vitu vinapokea mawimbi. Niliwahi kutengeneza simu ya mama mmoja, ikawa inapokea maneno ya nyumba ya jirani, ugomvi wa mke na mume, wote mzima mzima. Sasa kuna mtoto mwingine mle darasani anayeogopa. Hofu yake inatoka kibao chake, inaruka, inaingia kwenye hiki.

Fundi Soli: Kwa hiyo si wangu anayeogopa?

Spana: Si wako. Wako anapokea tu.

Nilimwona Fundi akitaka kuamini. Uso wake ulifunguka kidogo, kama mtu aliyeambiwa homa si yake. Kisha ukafunga.

Fundi Soli: Lakini anakigusa yeye, Spana. Nimemwona kwa macho yangu. Anagusa, halafu anaangalia viatu vyangu. Anagusa tena.

Hapo nilipaswa kunyamaza. Lakini kinyozi asiyeongea hana wateja, na mazoea yana taabu.

Mimi: Mnajua hiyo sauti inanikumbusha nani?

Fundi Soli: Wembe. Usiseme.

Mimi: Nasema tu. Ule mwisho wake, "gopa", anavyoushusha.

Fundi Soli: Nimesema usiseme.

Dada Birika: Nani?

Fundi aliweka kandambili chini. Alijifuta mikono kwenye aproni mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Fundi Soli: Mama yake. Siku ya mwisho hospitalini nilikuwa nimemshika mkono. Nikamwuliza unataka maji, unataka nikugeuze. Akaniambia naogopa. Nikamwambia usiogope, nipo. Nikatoka kwenda kulipia dawa. Niliporudi kitanda kilikuwa na shuka safi.

Spana akavuta miguu mbali na boksi. Mimi nilitamani ardhi inimeze, lakini pamoja na aibu yangu nilikuwa nimeshikwa na woga wa kweli, ule wa utotoni, wa kulitazama giza chini ya kitanda. Vipi kama kweli ni yeye? Vipi kama marehemu amepata mlango?

Dada Birika: Acheni hayo maneno. Sauti ya chombo hiyo, iko kwenye vibao vyote.

Mzee Karani: Ndiyo. Na sasa nitawaambia jambo ambalo nilikuwa silitaki kulisema.

Mimi: Sema tu, Mzee, tumeshachanganyikiwa.

Mzee Karani: Labda si mtoto. Labda si marehemu. Labda ni chombo chenyewe kinachoogopa. Kimetoka kiwandani, kimeletwa kwa watu kisiowajua, kinafungwa kwenye maboksi. Kimefundishwa neno, kinalitumia.

Spana: Kinaogopa nini?

Mzee Karani: Sisi.

Tukalitazama boksi. Nawaapia, kwa muda ule mfupi nililisikia likipumua. Kumbe ni Fundi, alikuwa anapumua kwa mdomo.

Fundi Soli: Nitakirudisha. Leo leo. Nitawaambia sikitaki, wampe mtoto mwingine. Hakuna kibao, hakuna naogopa. Hakuna naogopa, ofisa hana kazi.

Mzee Karani: Hapo umesema kitu. Nitakuandikia barua.

Spana: Mimi naunga mkono. Miaka tisa alikuwa hana kibao, alikuwa na shida gani? Kimya chake kilikuwa kizuri tu.

Mimi: Na kule kituoni tulikopanga ile Jumamosi apelekwe, hatakihitaji. Kule hakuna wa kuongea naye.

Tulikuwa tumekubaliana. Mzee Karani tayari alikuwa amegeuza ile barua ya mwalimu, anajaribu kalamu nyuma yake. Na hapo ndipo nilipoona Kimya ameinuka kwenye kreti lake. Aliingia kibandani, akatoka na kipande cha ngozi, ile nene ya soli, kikubwa kama sinia. Akaenda mpaka pale ukutani, akachuchumaa, akakiweka chini ya mguu mtupu wa mpiga rangi. Akakisogeza kikae vizuri. Akarudi kwenye kamba zake.

Mpiga rangi: Asante, mama.

Akakikanyaga. Akautazama mguu wake, akamtazama mtoto, kisha akatutazama sisi mmoja mmoja.

Mpiga rangi: Samahani, wazee wangu. Mimi ni mpita njia. Kwani huyu mtoto hasikii?

Fundi Soli: Nani, huyu? Anasikia sana. Masikio yake yamepimwa hospitali mara mbili. Akiwa ndani anasikia birika la Dada linavyowekwa jikoni. Shida yake ni kusema tu, lakini kusikia, anasikia kila...

Hakumaliza. Sindano ilibaki juu na uzi wake.

Mpiga rangi: Nauliza kwa sababu nilipofika mlikuwa mnaongea mambo yake, na yeye yuko hapo. Sasa hiyo siku mlipokuwa mnapanga kumpeleka huko kituoni, yeye alikuwa amekaa wapi?

Lilikuwa swali la mtu mwenye kiatu kimoja, na halina ugumu wowote.

Fundi Soli alikuwa analitazama lile kreti. Mzee Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi nilikuwa nawaza ile Jumamosi, na niliikumbuka vizuri mno. Alikuwa hapo. Hapo hapo. Alikuwa anapanga vibati vya rangi ya viatu, vidogo mbele, vikubwa nyuma. Nakumbuka kwa sababu nilimwambia anipishe miguu ninyooshe yangu, na alinipisha. Alinipisha, jamani. Nilimwambia neno, akalielewa, akalitii, halafu papo hapo nikageuka nikaongea juu yake kama vile ni meza.

Na niliyoyasema nayakumbuka pia. Lori lilikuwa linapita, nikapaza sauti ili Fundi anisikie. Nilisema: "Mpeleke tu, ndugu yangu, usijiumize. Huyu hata ukimwacha stendi hatajua tofauti." Tukacheka. Mzee Karani hakucheka, lakini hakusema kitu.

Jumatatu iliyofuata ndiyo alipoanza kuigusa ile picha. Siku kumi za masomo. Hesabu ilikuwepo kwenye barua muda wote, na Mzee Karani ameisoma mara mbili kwa sauti.

Spana: Subirini. Kwa hiyo... miaka yote hii...

Spana anatoa vifaa vizima kwenye simu za watu na kurudisha vibovu. Alitusimulia hapa kwa kujisifu, mtoto yupo. Mzee Karani hakustaafu, alifukuzwa. Alituambia siku moja mvua imetubana kibandani, mtoto yupo. Mimi niliyoyasema juu ya mke wangu sitayarudia. Miaka sita tumemwagia siri zetu pale kwenye kreti, tukiamini tunazimwaga chini. Lakini hofu hiyo ya siri ilinipita upesi, sikuamini ilivyonipita. Iliyobaki ilikuwa nzito zaidi. Alikuwa amekaa na jambo lile siku zote hizo, peke yake, analala nalo, anaamka nalo, anakwenda nalo shule. Akapata neno moja la kulisema, akalisema mara sitini na mbili kwa siku, na sisi tukalifungia kwenye boksi.

Dada Birika aliinamisha birika juu ya kikombe changu. Likatoa matone mawili na machicha.

Dada Birika: Kahawa imekwisha.

Kwa kawaida hiyo ndiyo kengele yetu, kila mtu anashika njia. Siku hiyo hakuna aliyeinuka.

Dada Birika: Fundi. Mpe chake.

Fundi Soli akaondoa chuma. Akajaribu kufungua kamba, lakini Spana alikuwa amekaza mafundo matatu kwa woga. Akavuta, likakaza zaidi. Kimya akanyoosha mkono, akalichukua boksi, akaliweka magotini. Kamba ni kazi yake. Alifungua fundo la kwanza, la pili, la tatu, akaikunja kamba, akaiweka kwenye fungu la nyeupe. Ndipo akakitoa kibao.

Baba yake akapiga magoti chini, kwenye mabaki ya ngozi na misumari.

Fundi Soli: Mama. Unaogopa nini? Niambie mimi.

Kidole kilikuwa kinatembea juu ya picha bila kugusa. Nilikuwa naomba kisiguse, nasema ukweli wangu. Nilikuwa naomba Spana awe sahihi, kioo kiwe kimekwama.

"Nyumbani," sauti ikasema. Kisha: "Mbali." Kisha: "Sitaki."

Kisha kidole kikashuka kwenye neno la Mzee Karani, lile tuliloandika sisi wenyewe kwa mwandiko mzuri.

"Nimekosa."

Fundi Soli: Hujakosa. Hujakosa kitu, mama, sikia, mimi ndiye. Mimi ndiye nimekosa. Huendi popote. Jumatatu nitawaambia hivyo hivyo, kwamba aliyemtisha mtoto ni mimi. Wakikuchukua...

Akashika kingo za kreti kwa mikono miwili. Wakikuchukua, halafu nini? Jumatatu ilikuwa bado pale pale, na ofisa wake, na safari hii tulikuwa na jibu la kumpelekea, na jibu lenyewe lilikuwa baya kuliko yote tuliyoyabuni.

Mpiga rangi alikuwa ameinamisha kichwa. Mguu wake ulikuwa bado juu ya kile kipande cha ngozi.

Kimya akamwacha baba yake alie. Macho yake yakaanza kutembea chini, kama kawaida yake. Yakapita kwenye mguu mtupu wa mpiga rangi, yakapita viatu vya ofisini vya Mzee Karani, yakapita raba za Spana, yakafika kwenye makubazi yangu ya kahawia, yakatulia hapo. Akagusa picha mbili bila kukitazama kioo.

"Mimi," sauti ikasema. "Najua."

Nikaivuta miguu yangu chini ya benchi.